Maji ya Kifuani na Kura ya Bahasha

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya ndugu zetu wasemao Kiswahili wakaao London, waliotoka Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, Dar es Salaam, Kampala, Bukavu na hata Barawa, ambao siku moja huenda wakalazwa hospitali kwa sababu ya maji yaliyokusanyika kifuani, na kabla hawajakizoea kitanda wakajiwa na tabibu mwenye karatasi mkononi, akiwauliza kwa adabu kama wangeridhia kuingia katika jaribio la tiba. Neno hilo "jaribio" lina uzito mbaya masikioni mwetu. Mtu hulisikia akadhani kwamba tabibu hajui kazi yake na sasa anataka kujifunzia juu ya mwili wa mgeni. Basi hukataa kwa hofu, au, jambo ambalo si jema zaidi, hukubali kwa haya. Tungependa akatae au akubali kwa kujua.

Kwanza maji yenyewe. Watu husema "mapafu yamejaa maji", na usemi huo huchanganya mambo mawili. Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani nao umetandikwa utando kama huo. Baina ya tando hizo mbili pana nafasi finyu yenye umajimaji wa vijiko vichache tu, ambao kazi yake ni kulainisha, ili pafu liteleze bila ya kukwaruzika kila mtu avutapo pumzi. Maji tunayoyataja hapa ni yale yanayozidi katika nafasi hiyo, nje ya pafu wala si ndani yake, yakalibana pafu hata mwenye maradhi akawa hawezi kupanda ngazi ya ghorofa moja wala kulala chali. Pengine asili yake ni udhaifu wa moyo, figo au ini. Pengine ni homa ya mapafu iliyoachwa ikazaa usaha. Pengine ni kifua kikuu, ambacho kwa watu wa nchi zetu hakina budi kufikiriwa mapema. Pengine ni saratani. Ndiyo sababu tabibu hatosheki na kuyatoa maji, bali kwanza huyatazama kwa ultrasaundi, akatia ganzi, akapitisha sindano baina ya mbavu na kuchukua kiasi kidogo cha kupeleka maabara. Na mtu ambaye pumzi imemkatika ghafula asingoje kusoma kijitabu: apige 999.

Yafaa msomaji ajue kwamba desturi ya kupima dawa kwa kura, kama ifanywavyo leo duniani, ilipata umbo lake mashuhuri katika mji huu huu. Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa ya streptomaisini, iliyotoka Marekani, ilikuwa adimu mno Uingereza wala haikuwatosha wagonjwa wa kifua kikuu. Na Austin Bradford Hill, mwanatakwimu wa Chuo cha London cha Siha na Tiba za Nchi za Joto, alikuwa na rai kwamba maadamu haiwatoshi wote, basi ni insafu zaidi kura iliyofungwa ndani ya bahasha iamue nani aipate na nani atibiwe kwa kupumzishwa kitandani kama ilivyokuwa ada, kuliko tabibu kuchagua kwa jicho lake, jicho ambalo aghalabu humpenda mgonjwa mwenye dalili ya kupona. Wagonjwa 107 wakaingia, baadhi yao katika Hospitali ya Brompton. Taarifa ilipochapishwa mwaka 1948 ilionekana kwamba baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 kati ya 55 waliopewa dawa, na 14 kati ya 52 waliolazwa tu. Hatuna haja ya kuficha kwamba hao wa pili hawakuambiwa kuwa wamo katika jaribio. Jambo hilo leo sheria hailiruhusu, na tutalirudia mbele.

Ada hiyo haikuchelewa kufika kwetu. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, likishirikiana na matabibu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, lilipima kama tiba ya kifua kikuu iliyokuwa ikichukua mwaka na nusu yaweza kufupishwa ikawa miezi 6, na taarifa ya kwanza ya kuthibitisha hivyo ilitoka mwaka 1972. Anayemeza vidonge kwa miezi sita leo, awe Peckham au Temeke, ana deni kwa wagonjwa wale waliokubali kuhesabiwa. Kwa hiyo asemaye kwamba tafiti ni mambo ya Wazungu amesahau wazee wake mwenyewe.

Mmoja wa waliosimamia tafiti zile za Afrika Mashariki, Dakta Janet Darbyshire, ndiye ambaye baadaye jina lake latokea miongoni mwa waandishi wa taarifa ya mwaka 2005 kuhusu usaha wa kifuani, na habari hiyo yastahili kusimuliwa kwa kirefu. Usaha ukikaa kifuani huganda, ukajigawa vyumba vyumba kama sega la nyuki, hata mrija uliotiwa ubavuni ukakausha chumba kimoja na kuviacha vingine. Tangu mwaka 1949, Tillett na Sherry walipoijaribu huko Marekani, matabibu walikuwa wakitia ndani ya kifua dawa ya streptokinase ili iyeyushe kuta hizo. Nayo ilikuwa na mantiki, na kila tabibu alikuwa na mgonjwa wake wa kumtolea mfano. Nusu karne na zaidi ikapita hivyo. Ndipo hospitali 52 za Uingereza zilipoandikisha wagonjwa 454, kura ikapigwa, wengine wakapata streptokinase na wengine kitu kilichofanana nayo kisicho na nguvu ya dawa, wala mgonjwa wala tabibu asijue kipi ni kipi. Baada ya miezi 3, katika kila 100 waliopata dawa 31 walikuwa wamekufa au wamepasuliwa, na katika kila 100 waliokosa, 27. Dawa iliyoaminiwa na vizazi viwili vya matabibu haikuwa na faida, na madhara iliyaongeza.

Mtu mwepesi wa kukata tamaa angaliishia hapo. Watafiti wale walirudi, na mwaka 2011 wakatoa taarifa ya wagonjwa 210 waliopimwa kwa dawa mbili nyingine, moja ya kuvunja utando wa damu iliyoganda na nyingine ya kupunguza unato wa usaha. Kila moja peke yake haikufaa kitu. Zilipotiwa pamoja, waliohitaji kupelekwa kwa mpasuaji walipungua kutoka 16 katika kila 100 hadi 4, na siku za kulala hospitali zikapungua karibu 7. Nani angalilibuni hilo kwa kufikiri tu?

Kwa watoto hali ni tofauti kidogo. Hospitali ya Great Ormond Street ililinganisha watoto 60 wenye usaha kifuani, nusu wakitiwa mrija na dawa ya urokinase, nusu wakipasuliwa kwa kamera ndogo. Taarifa ya mwaka 2006 ikasema kwamba siku za kulazwa zilikuwa sawasawa, ila upasuaji uligharimu zaidi. Mzazi anayeuliza kwa nini mwanawe hapelekwi chumba cha upasuaji moja kwa moja anayo hapo sehemu ya jawabu.

Lakini katika yote, utafiti tunaoona unawahusu zaidi wasomaji wetu ni ule uliofanywa Uganda na Alison Elliott, mtaalamu wa kile chuo cha London tulichokitaja, pamoja na wenzake, ukachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa walikuwa 197, wote wana virusi vya ukimwi na maji ya kifuani yaliyoletwa na kifua kikuu, katika zama ambazo dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijawafikia wengi. Wote walitibiwa kifua kikuu. Takriban nusu yao, kwa kura, wakaongezewa prednisoloni kwa wiki 8. Waliopewa prednisoloni walipata nafuu upesi kuliko wenzao, na laiti tungaliwauliza jamaa zao waliokaa kando ya vitanda, wangalisema bila ya shaka kwamba dawa hii ni neema. Hesabu ilisema vingine: haikuonekana kuokoa maisha, na saratani ya Kaposi iliwatokea baadhi yao, ilhali miongoni mwa waliokosa prednisoloni haikumtokea hata mmoja. Wataalamu wakashauri isitumiwe kwa wagonjwa wa namna hiyo. Nafuu ya wiki ya kwanza na siha ya mwaka mzima ni vitu viwili, na jicho la mtu, hata la tabibu hodari, huiona ya kwanza tu.

Maji yatokanayo na saratani yana shida yake, nayo ni kurudi kila yatolewapo. Njia ni mbili: kulazwa na kutiwa unga wa talki ili tando zigandamane, au kuachiwa mrija mwembamba uliopita chini ya ngozi, ukatolewa maji nyumbani na muuguzi au jamaa. Jaribio la wagonjwa 106 lililochapishwa mwaka 2012 lilionyesha kwamba katika wiki 6 za mwanzo pumzi za makundi mawili zilifunguka sawasawa. Wenye mrija hawakulala sana hospitali, lakini walipata matatizo mengi zaidi. Mwaka 2018 ikabainika kwamba talki yaweza kupitishwa katika mrija huo huo: maji yaliwakauka 43 katika kila 100, badala ya 23, kwa muda wa siku 35. Hapa utafiti haukumchagulia mgonjwa, umemwachia achague. Mwenye nyumba yenye wageni daima huenda akapenda talki, na mwenye kuchukia wodi akapenda mrija, kisha akamwuliza muuguzi habari za kuoga, na sheikh wake habari za udhu.

Ukiletewa karatasi, jua kwamba jaribio hilo limekwisha kupitiwa na kamati ya maadili, ambayo angalau theluthi ya wajumbe wake si watu wa taaluma ya tiba. Omba mkalimani, hospitali humleta bila ya malipo, wala usimtumie mwanao wa shule, kwa kuwa mtoto humfichia mzazi habari nzito. Uliza ungetibiwaje kama jaribio lisingekuwapo. Chukua karatasi nyumbani ukaisome na jamaa, isipokuwa hali ni ya dharura. Waweza kukataa, na waweza kujitoa katikati bila ya kueleza sababu, na tiba yako ya kawaida itaendelea kama ilivyo. Aogopaye gharama kwa sababu ya hati za ukaazi na ajue kwamba katika Uingereza kupimwa na kutibiwa kifua kikuu ni bure kwa kila mtu.

Mwambie tabibu kila unachokimeza, pamoja na habasoda na dawa za miti zilizoletwa kutoka nyumbani, na hasa dawa za kulainisha damu, kwa sababu sindano ya ubavuni huweza kutoa damu. Na ukitia sahihi, dai nakala yako. Ina simu ya muuguzi wa utafiti. Itie katika mkoba unaotembea nao, ili ukipelekwa hospitali nyingine usiku, watakaokupokea wajue umepewa nini.