Taa Ndogo ya Rangi ya Machungwa

Safari hii tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachotosha kiganjani: taa ya pikipiki ya kuonyesha kwamba unataka kukata kona.

Mwenzetu mmoja wa karakana alitoka kazini jioni akiwa mzima. Mchana kutwa alikuwa chini ya lori kubwa. Magurudumu aliyawekea kabari, na mlangoni akatundika kibao cha kukataza mtu yeyote kuwasha injini. Hakukosa hata neno moja la usalama. Kisha akapanda pikipiki yake, akashika barabara ya Sake kuelekea Ndosho. Alipofika kwenye njia ya kwao akakata kushoto. Nyuma yake motari mwenye abiria alikuwa amekwisha kuanza kumpita. Motari hakuona taa, maana taa haikuwapo. Ilivunjika miezi mingi kabla, siku pikipiki ilipoanguka juu ya mawe ya volkeno, na mahali pake zilibaki nyaya mbili zilizofungwa kwa kipande cha mpira. Mwenzetu alivunjika mguu mahali pawili. Abiria wa motari, mama aliyekuwa akitoka sokoni, aliumia bega, na mpaka leo hawezi kunyanyua ndoo.

Jambo linaloshangaza ni hili. Katika machimbo mengi dereva wa lori haliondoi bila kupiga honi: mara moja akiwasha injini, mara mbili akienda mbele, mara tatu akirudi nyuma. Hakuna anayemcheka, wala hakuna anayesema ni kupoteza wakati. Mwenzetu aliijua desturi hiyo kama anavyolijua jina lake. Lakini alipopita lango la kampuni, desturi aliiacha huko ndani pamoja na kofia yake ngumu.

Sheria ya barabarani inasema jambo lilelile kwa maneno mengine. Mkataba wa Vienna juu ya usafiri wa barabarani uliandikwa mwaka 1968, na nchi yetu, ambayo siku zile iliitwa Zaire, ilijiunga nao mwaka 1977. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, ikatolewa Sheria Na. 78-022, ndiyo kodi mpya ya barabara. Mkataba unamtaka dereva atoe ishara wazi, mapema ya kutosha, kabla ya kugeuka. Atumie taa, na kama hana taa, anyooshe mkono ikiwezekana. Ishara iendelee mpaka amalize kugeuka, na ikome mara tu anapomaliza.

Wengine watasema: basi mkono unatosha. Ndugu, jaribu uone. Sisi tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kona ya kushoto ndiyo inayokata njia ya wengine. Ukinyoosha mkono wa kushoto, umeachilia klachi. Ukitaka kwenda kulia, mkono wa kulia ndio ulioshika mafuta na breki ya mbele. Je, utaachilia breki ili uonyeshe kwamba unapunguza mwendo? Mwenye skuta ya gia za kujibadilisha hana klachi, lakini mara nyingi mkono wake wa kushoto una breki ya nyuma. Na usiku hakuna anayeuona mkono wako. Mkono ni msaada wa siku taa inapoharibika njiani, mpaka ufike kwa fundi.

Taa yenyewe ina vipimo vyake. Kanuni namba 53 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu taa za pikipiki na kutumiwa katika nchi nyingi, inataka taa hizi ziwe za rangi ya machungwa, mbili mbele na mbili nyuma. Zisiwe chini ya sentimita 35 kutoka ardhini, wala zisipite sentimita 120. Kati ya ile ya kushoto na ile ya kulia kuwe angalau sentimita 24 mbele, na sentimita 18 nyuma. Ziwake na kuzimika mara 60 hadi 120 kwa dakika.

Kwa nini wahangaike na sentimita? Kwa sababu taa iliyo karibu mno na taa kubwa humezwa na mwanga wake. Tumeona mafundi wanaofunga taa zote mbili za nyuma karibu na namba ya pikipiki, eti zisivunjike tena. Hazivunjiki, ni kweli. Lakini usiku anayekufuata anaona kitu kinachometameta karibu na taa nyekundu, asijue ni kulia au kushoto.

Hesabu nyingine ni ya muda. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unapita karibu mita 11 kila sekunde. Taa iwakayo mara moja na nusu kwa sekunde inahitaji sekunde mbili ili iwake mara tatu. Katika sekunde hizo umekwenda mita 22, na yule wa nyuma bado hajagusa breki. Kwa hiyo washa angalau mita 30 au 40 kabla ya kona. Halafu tazama kiooni, kisha geuza kichwa utazame begani. Taa inatangaza tu nia yako. Haimsimamishi mtu.

Ikiwa siku moja taa inawaka mbiombio kuliko kawaida, au imeganda bila kumeta, pikipiki inakupa habari. Mara nyingi balbu moja ya upande huo imekufa. Kile kidude kinachokatakata umeme kimepimwa kwa balbu mbili, kila moja wati 10 kwenye pikipiki nyingi, na mzigo ukipungua mwendo wake unabadilika. Ukitia zile taa za kisasa zinazokula umeme kidogo, mambo yatakuwa yaleyale mpaka kidude nacho kibadilishwe. Mwambie fundi kabla hajauza.

Tusisahau mizigo. Gunia la makala, godoro, madumu ya maji: vyote huning'inia nyuma na kufunika taa. Mwenye chukudu hana taa hata moja, lakini kila mtu anamwona na kumwachia njia. Wewe mwenye pikipiki iliyofunikwa, watu wanadhani una taa na hujaziwasha, kwa hiyo unakwenda moja kwa moja. Na vumbi jeusi la Goma nalo, likichanganyika na mvua, hupaka kioo cha taa kama rangi. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Kosa la mwisho ni la wenye taa nzima. Pikipiki nyingi za hapa hazizimi taa zenyewe baada ya kona. Mtu anakata kushoto Katindo, taa inaendelea kumeta mpaka Rond-point Signers. Aliye mbele anayesubiri kuingia barabarani anaamini kwamba huyu anageuka, anaingia, na wanakutana katikati. Zoeza kidole gumba kukibonyeza kile kitufe kila unaponyoosha usukani.

Mama, hapa kuna kazi yako na watoto. Jumapili, kabla baba hajatoka, mtoto mmoja asimame mbele ya pikipiki na mwingine nyuma. Baba awashe kushoto, kisha kulia, nao waseme kwa sauti wanachokiona. Ni kazi ya dakika moja. Nyumbani kwa yule mwenzetu wanaifanya sasa. Yeye huketi kwenye kiti, magongo pembeni, na kijana wake mkubwa ndiye anayebonyeza.