Kabla Hujafungua Studio ya Picha: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Usianze na kamera, anza na chumba.

Vijana wanaotaka kufungua studio huniuliza kwanza wanunue kamera gani. Sijaulizwa hata mara moja chumba kiwe na urefu gani, na hapo ndipo wengi wanapokwama kabla hawajapiga picha ya kwanza. Nenda na futi kamba. Fremu nyingi za maduka mjini ni kama futi 10 kwa 12. Hapo utapiga pasipoti na picha za nusu mwili, basi. Kamera ya kawaida ya anayeanza, yenye sensa ndogo, ukiifunga lenzi ya milimita 50, itakulazimu usimame karibu mita 5 kutoka kwa mteja ili umpate mzima, utosini hadi viatuni. Mteja naye akae angalau mita 1.5 mbele ya kitambaa cha nyuma, la sivyo kivuli chake kitamganda mgongoni. Ongeza nafasi yako mwenyewe ya kusimama: unahitaji mita 7. Dalali akikwambia "patatosha tu", usimsikilize. Yeye anangoja malipo yake ya udalali. Wewe ndiye utakayelipa kodi ya miezi 6 mbele kwa chumba kisichomwenea bibi harusi na shela lake.

Ukishapata chumba, paka kuta rangi nyeupe au ya kijivu, na dari pia. Usiziache za pinki wala za kijani kwa sababu eti bado mpya. Ukuta wa kijani humwaga ukijani kwenye shavu la mteja, na utakesha kwenye kompyuta ukijaribu kuuondoa.

Nunua taa moja, uijue.

Usinunue taa tatu kwa sababu umeziona kwa mwenzako. Flashi moja, stendi imara, mwavuli mweupe na ubao mweupe wa kurudisha mwanga upande wenye kivuli vinatosha kukulisha mwaka mzima. Weka taa upande mmoja wa mteja, nyuzi 45 hivi, juu kidogo ya macho yake. Anzia ISO 100, f/8, kasi ya shata 1/125, kisha rekebisha nguvu ya flashi. Usipandishe kasi ya shata hovyo: kamera nyingi zina kikomo karibu na 1/200, na ukikivuka utaona mstari mweusi umekata picha. Kumbuka pia kwamba taa ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mteja haupungui nusu; unabaki robo. Mazoezi ya jambo hilo moja, kusogeza taa hatua moja mbele na hatua moja nyuma huku unatazama uso, yatakufundisha kuliko video mia.

Zima balbu za dukani unapopiga. Mwanga wa flashi na wa balbu ya njano havipatani. Upande mmoja wa uso utakuwa wa kawaida na mwingine utaonekana una homa ya manjano. Ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye kila stendi. Watoto hukimbia.

Usimng'arishe mtu.

Hapa nitakaa kidogo, maana ni dhambi inayotendwa kila siku katika studio zetu na kuitwa huduma. Kamera haijui ngozi. Inapopima mwanga yenyewe hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikijumlishwa, ni cha kijivu. Mteja mweusi akikaa mbele ya kitambaa cheupe, kamera inakiona kile cheupe kingi, inatishika, inapunguza mwanga, na uso unazama gizani. Mpiga picha mchanga anakwenda kwenye kompyuta, anauvuta uso juu kwa nguvu, nao unatoka wa majivu, hauna uhai. Akiona haufai, anaupaka weupe.

Makosa haya yana historia. Enzi za filamu za rangi, maabara zilirekebisha mashine kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na watu weusi walitoka vivuli vyenye meno. Sisi hatuna tena kisingizio hicho. Pima mwanga kwa uso, si kwa kitambaa. Mulika uso kwanza. Nyuma patapata mwanga wake baadaye. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga mpana unaoteleza kwenye paji la uso na kwenye kingo za mashavu, kwa hiyo sogeza mwavuli karibu na uugeuze kidogo, mpaka uone mng'ao laini badala ya doa kali.

Binti mmoja aliyehitimu chuo alikuja kwangu na mama yake, wamebeba picha ya mahafali waliyopigiwa kwingine. Joho lilikuwa sawa na kofia ilikuwa sawa. Uso ulikuwa umepakwa weupe na kusuguliwa mpaka kovu dogo la juu ya nyusi, alilolipata utotoni, halikuonekana. Mama aliiweka mezani akasema, "Huyu si mwanangu." Nilimpiga upya kwa taa moja. Kovu nililiacha. Mama aliitazama picha muda mrefu, akaniuliza bei ya kuikuza.

Mteja atakuomba, "Nitoe mweupe kidogo, kaka." Usibishane naye wala usimhubirie. Mpige vizuri, umwoneshe ile isiyoguswa. Wengi hunyamaza. Chunusi ya wiki hii unaweza kuiondoa, kwa sababu wiki ijayo haitakuwepo. Kovu, alama ya kuzaliwa, mwanya na rangi ya mtu ni vyake, usiviguse.

Jua vipimo vya pasipoti kwa kichwa.

Pasipoti ndiyo itakayokulipia kodi. Usimwambie mteja "pasipoti ni pasipoti". Muulize inakwenda wapi. Viza ya Marekani inataka picha ya inchi 2 kwa 2, nyuma peupe, bila miwani, iliyopigwa ndani ya miezi 6, na kichwa kuanzia kidevuni hadi utosini kiwe kati ya milimita 25 na 35. Viza ya Schengen ni milimita 35 kwa 45. Bahati nasibu ya Green Card imekuwa ikitaka faili la mraba, pikseli 600 kwa 600, lisilozidi kilobaiti 240. Ukikosea, anayenyimwa si wewe. Ni mtu aliyeuza ng'ombe alipie ada ya maombi.

Karatasi ya inchi 4 kwa 6 hubeba pasipoti 8 za milimita 35 kwa 45. Zipange vizuri, usitupe karatasi. Usibadilishe sura kwenye picha ya hati yoyote: usipunguze shavu, usihamishe kichwa cha mtu kwenye suti ya kompyuta kwa picha ya pasipoti. Na atakuja mtu, tena mapema kuliko unavyodhani, akuombe "umrekebishie" cheti cha shule au kitambulisho kwa sababu una printa nzuri. Mfukuze. Hiyo ni jinai, na hakuna ujamaa unaoihalalisha.

Weka karatasi zako sawa. Kwa Tanzania, sajili jina la biashara BRELA, chukua namba ya mlipakodi (TIN) pale TRA, ambayo hutolewa bure, na kata leseni katika halmashauri yako. Usisubiri maofisa waje ndipo uanze kukimbia.

Panga bei kwa kalamu, si kwa jirani.

Tuseme kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi, umeme 40,000, msaidizi 150,000, na unatenga 60,000 kwa uchakavu wa vifaa. Jumla 450,000. Gawa kwa siku 26 za kazi: zaidi ya 17,300 kila siku. Kama seti ya pasipoti ni shilingi 4,000, na karatasi na wino vinakula 700, unahitaji wateja 6 kila siku kabla hujapata shilingi ya ugali wako. Wengi hawaitengi ile 60,000. Kamera nyingi za wanaoanza hukadiriwa kudumu mifyatuo kama 100,000. Siku shata itakapokufa, mwenye kutenga atanunua nyingine na asiyetenga atafunga. Ukinunua kamera iliyotumika, kagua kwanza imeshafyatua mara ngapi.

Chukua advansi ya nusu kwa kila kazi ya sherehe, uandike risiti. Usikopeshe picha. Shemeji akisema atalipa mwisho wa mwezi, mwambie picha zake zitamsubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Linda neno lako na heshima ya mteja.

Usiahidi kesho kama unajua ni keshokutwa. Tumeshachoshwa na "njoo kesho" ya mafundi, usiilete studio. Andika tarehe kwenye risiti, na siku hiyo asubuhi picha ziwe ndani ya bahasha.

Tenga sehemu ya kubadilishia nguo yenye pazia zito au mlango, kioo na kiti. Kamera isiingie humo, simu yako isiingie humo, wala msaidizi wako asichungulie. Usimguse mteja. Kola ikipinda, mwambie, au muombe ruhusa. Mtandio wa mwanamke aurekebishe mwenyewe mbele ya kioo. Mtoto asipigwe bila mzazi au mlezi chumbani.

Usibandike picha ya mteja kwenye kioo cha mlango, wala kuiweka kwenye status au Instagram, bila ridhaa yake ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kenya ilitunga yake mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Lakini hata sheria isingekuwepo, binti aliyepiga picha ya kumpelekea mchumba hakukupa uso wake upambe duka.

Tunza vifaa.

Sisi wa pwani tuna adui anayeitwa unyevu. Lenzi ikikaa ndani ya begi miezi miwili bila kutumika huota fangasi, nyuzi kama za buibui katikati ya kioo, na zikishakula kioo hakisafishiki tena. Weka lenzi kwenye boksi la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vipakiti vya silika jeli, na uvikaushe au uvibadilishe vikilowa. Usitumie mchele, una vumbi. Kompyuta na printa zipitie UPS au stabilaiza, maana umeme unaorudi kwa kishindo huua printa kuliko uzee.

Usihifadhi picha mahali pamoja.

Nilipoanza nilikuwa na diski ngumu moja. Ilianguka kutoka mezani, si mbali, kimo cha goti, ikaondoka na picha za kipaimara za watoto 11. Nilirudisha fedha zote. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi, na hakuna aliyenitukana, jambo lililoniumiza zaidi. Tangu siku hiyo kila picha ina nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ngumu iliyopo studio, moja nyumbani kwangu. Sifuti kadi mpaka nakala zote zimefunguka. Kila jalada lina tarehe, kisha jina la mteja.

Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Leo watu wanaitazama Zanzibar ya zamani kupitia picha za studio ile zilizotunzwa.

Wateja wako hawatakuwa masultani wa Zanzibar, lakini picha zao nazo zitatafutwa. Mzee mmoja alikuja kwangu kupiga pasipoti za fomu za pensheni. Alivaa koti la kuazima lililomzidi mabega. Nilimuomba ruhusa nikalibana nyuma kwa vibanio vya nguo, nikamwambia ainue kidevu kidogo. Alilipa, akakunja zile pasipoti ndani ya leso, akaondoka. Miaka miwili baadaye wanawe wawili walinikuta mlangoni saa 12 asubuhi, sijafungua. Baba alikuwa amefariki usiku, na picha pekee waliyokuwa nayo ilikuwa ya simu, ya harusini, sikio moja limekatwa. Nilifungua jalada la tarehe ile. Nilikuwa nimetunza faili zima lilivyotoka kwenye kamera, si ile pasipoti iliyokatwa, kwa hiyo ilikuzwa inchi 12 kwa 18 bila kuvunjika, na ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza.

Kabla hujalala leo, fungua kompyuta yako uhesabu picha za wateja wako zina nakala ngapi. Ukikuta ni moja, kesho asubuhi kanunue diski ngumu ya pili kabla hujanunua kifaa kingine chochote.