MIHURI NA HIRIZI ZA SHABA

Hirizi tuzijuazo sisi ni karatasi iliyoshonwa ndani ya ngozi. Lakini zamani mafundi wa nchi za Kiislamu walifanya hirizi, na mihuri pia, kwa shaba iliyochanganywa na bati. Twawezaje kuvitenganisha vitu hivi?

Tutazame maandishi. Muhuri huandikwa kinyume, ili ukigandamizwa katika nta upate kusomeka sawasawa. Hirizi kwa kawaida husomeka yenyewe, maana haipigwi chapa. Tena huenda ina mraba wa vyumba 9, ambao kila mstari, hata wa pembe kwa pembe, jumla yake ni 15.

Vitu vya kale husafiri mbali. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, ilionekana Zimbabwe Kuu, ikawa shahidi wa biashara ya zamani. Lau mahali pake pasingalijulikana, ushahidi huo ungalipotea.

Basi, ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo, jembe likifukua kitu cha namna hii, msikisugue kwa ndimu wala mchanga, maana kutu ya kijani huenda imeshika herufi. Andikeni mahali, kina na siku. Tena jihadharini na mchuuzi mwenye haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, wala havitolewi nje ya nchi bila kibali. Pelekeni habari kwa Afisa Utamaduni wa wilaya.