Mkono kwa Mkono, Hata kwa Siri



Tuseme uko chumbani kwako Busanza, na mtu wa Huye msiyejuana naye. Kila mmoja ana faili la mwenzake lililofungwa kwa neno la siri, na mmekubaliana kubadilishana maneno hayo. Nani atume kwanza? Anayetangulia anaweza kubaki mikono mitupu, na siri ikishajulikana hairudishwi kama simu mbovu.

Fiqhi ina jambo linalokaribia hili katika mlango wa sarfu. Malik bin Aws alitaka kubadilisha dinari 100. Talha bin Ubaydillah (r.a.) akaichukua dhahabu, akaigeuzageuza mkononi, akamwambia asubiri mtunza hazina wake arudi kutoka Ghaba. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akisikia. Akaapa kwamba Malik asiachane naye mpaka apokee chake, kisha akataja katazo la Mtume (s.a.w.): mabadilishano hayo ni riba isipokuwa mkono kwa mkono. Na huyo ni Talha, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo! Kweli, sababu ya hukumu ni riba, si hofu ya utapeli. Hata hivyo uaminifu wake haukulegeza sharti.

Mtandaoni hakuna mkono. Mwaka 1983 Manuel Blum alipendekeza siri zitolewe biti kwa biti, moja yangu, moja yako, kila mtu akithibitisha kuwa aliyotoa si ya uongo. Udhaifu wake ni kwamba mwenye kompyuta yenye nguvu zaidi anaweza kukatiza njiani na kuzitafuta zilizobaki kabla yako. Mwaka 1986 Richard Cleve alionyesha kihisabati, kwa mfano wa kurusha sarafu, kwamba wawili peke yao hawapati usawa kamili.

Basi anahitajika wa tatu. Mwaka 1997 Asokan, Schunter na Waidner walieleza njia ambayo huyo wa tatu haguswi ila mmoja akikwama au akidanganya. Wanafiqhi wa rahani wanaye wa kwao, wanamwita *adl*, ila yeye hushika mali tangu mwanzo. Rahani ikiharibika mikononi mwake bila uzembe, halipi. Je, siri ikivuja kwake bila uzembe? Hili nimewapelekea masheikh wetu, na majibu bado yanatofautiana.