SOMO LA MWEZI: BAISKELI YA UMEME NA BAISKELI YA KUKANYAGA, MWILI WAKO UNAHITAJI IPI?

Mimi ni VHT hapa Nakivale, upande wa Juru. Kazi yangu ni kutembelea kaya: mama wajawazito, watoto wenye uzito mdogo, na wagonjwa wanaotumia dawa za kifua kikuu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 14 kwa siku, na vilima vyetu mnavijua wenyewe. Hivi karibuni niliazimwa baiskeli ya umeme kwa wiki tatu, kisha nikarudi kwenye ile yangu ya zamani. Tangu hapo watu wananisimamisha njiani kuniuliza: je, mashine ile haimfanyi mtu kuwa mvivu?

Kwanza tuielewe. Baiskeli ya umeme ina mota ndogo na betri. Ziko aina mbili. Moja husaidia wakati unapokanyaga tu. Ukiacha kukanyaga, nayo inaacha kusukuma. Nyingine ina mkono wa kuzungusha kama wa pikipiki, unaweza kukaa tu ikakupeleka. Ile ya kwanza ilianza kuuzwa na kampuni ya Yamaha huko Japani mwaka 1993, kwa hiyo si kitu cha jana. Niliyoazimwa mimi ni ya aina hiyo.

Kuhusu uvivu: hapana, miguu inafanya kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Namna rahisi ya kujua kama ni ya wastani ni hii: unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Kwenye baiskeli ya umeme nilikuwa hivyo karibu njia yote. Kwenye baiskeli yangu, penye tambarare niko hivyo hivyo, lakini nikifika kwenye kilima hata kuongea siwezi. Tofauti kubwa iko hapo kwenye kilima.

Sasa niseme jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa. Hilo swali la uvivu ni la watu wanaoshinda wamekaa ofisini na kula vizuri. Kwetu swali linageuka: mwili wako una chakula cha kutosha kukanyaga?

Hesabu yake ni hii. Mgao kamili wa chakula kwa mkimbizi hupangwa kwa kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Mtu wa kilo 60 akikanyaga baiskeli ya kawaida saa moja kwa mwendo wa wastani anatumia kama kalori 350. Hiyo ni sehemu moja ya sita ya mgao kamili. Na ni nani kati yetu anapata mgao kamili? Mwaka 2023 WFP iligawa kaya za wakimbizi hapa Uganda katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao. Baba anayekanyaga saa mbili kwenda kulima kibarua na kurudi anaacha njiani chakula ambacho pengine hakukila. Baiskeli ya umeme haiondoi gharama hiyo yote, kwa sababu bado unakanyaga, lakini inapunguza, hasa ukibeba mzigo.

Kwa hiyo mtu mwenye nguvu, mwenye safari fupi, anayekula mara mbili au tatu kwa siku, sioni sababu ya yeye kutafuta mota. Baiskeli ya kawaida inamtosha na inamjenga. Lakini mtu aliyekonda, anayepata nafuu baada ya ugonjwa, mwenye umri mkubwa, au anayebeba madumu ya maji mlimani kila siku, huyo mota ingemsaidia kweli. Mwenye presha au maumivu ya kifua aende kwanza kituo cha afya apimwe, hata kama baiskeli ni ya umeme. Mama mjamzito naye aongee na mkunga, kwa kuwa hatari yake kubwa ni kuanguka.

Lakini mota ina masharti yake. Betri niliyokuwa nayo ilikuwa ya volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Umeme huo unatosha kuchaji simu zaidi ya 20! Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inahitaji karibu siku nzima kuijaza. Siku moja mawingu yalitanda toka asubuhi, betri ikaniishia jioni chini ya kilima, na mimi nimeitwa kwa mtoto mwenye homa. Baiskeli ile bila umeme ni nzito kuliko yangu. Niliisukuma kwa mkono. Nilipofika, mama alikuwa ameshambeba mtoto mgongoni kwenda kliniki kwa miguu. Alimwahisha, namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikuisifu mashine.

Betri ya lithiamu usiichaji ndani ya nyumba mnamolala, wala usiifunike kwa blanketi au turubai. Ikivimba, ikitoa harufu au ikipata joto kali, iache, itoe nje mbali na nyumba. Moto wake ni mkali, na nyumba zetu zimekaribiana. Betri za zamani za risasi zina hatari nyingine: watoto wasizichezee, na mtu asizivunje nyumbani ili ayeyushe risasi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto.

Na mwendo. Ukitoka kilomita 12 kwa saa ukaenda 24, umbali wa kusimama kwa breki ile ile unakuwa mara nne, siyo mara mbili. Jaribu breki kabla ya kuteremka, na uvae kofia ngumu.

Wengi wetu hatutaipata baiskeli ya umeme mwaka huu, basi tuangalie tuliyo nayo. Karibu kila baiskeli ninayoiona hapa kiti kiko chini mno, ili mtu aguse ardhi akiwa na mzigo. Magoti yanaumia na nguvu inapotea bure. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litajikunja kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jaza upepo pia. Tairi laini ni sawa na kupanda kilima siku nzima. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa anameza dawa za maumivu kila jioni kwa ajili ya magoti. Tulipandisha kiti chake vidole vinne. Sasa analalamika juu ya mambo mengine.

Asiye na spana anaweza kuja kwangu Jumamosi yoyote asubuhi, kabla jua halijawa kali. Pampu ipo, ila mpira wake umechakaa, mwenye mwingine aje nao.