SOMO: Kompyuta Mpakato ya Zamani kwa Mafunzo ya Kinanda



Sharika nyingi zina kinanda kimoja tu. Hutumika Jumapili na siku za mazoezi ya kwaya, kisha hufungiwa. Vijana wanaotaka kujifunza hawapati nafasi, na siku mpigaji akihama au akiugua, kwaya hubaki bila mtu. Pengine katika ofisi hiyohiyo ipo kompyuta mpakato ya zamani iliyowekwa kando. Somo hili litaisaidia kamati kuamua kama kompyuta hiyo inafaa kwa mafunzo, kabla ya kuomba fedha za kununua nyingine.

1. Mahitaji

Vinahitajika vitu vitatu: kinanda chenye tundu la USB au MIDI, programu ya piano, na spika au hedifoni. MIDI ni lugha ambayo vyombo vya muziki vya elektroniki vimeitumia tangu 1983. Haibebi sauti. Hubeba taarifa tu: noti ipi imepigwa na kwa nguvu gani. Sauti yenyewe hutengenezwa na kompyuta.

Vibonye vya kuandikia vya kompyuta vinaweza kutumika kwa kujaribu tu, kwani havipimi nguvu ya kidole.

2. Kwa nini sauti huchelewa

Tatizo kubwa la mashine ya zamani ni kwamba mwanafunzi hupiga sasa, sauti ikaja baadaye. Akizoea hivyo, mapigo yake yataharibika.

Fikiria mtu anayechota maji bombani kwa ndoo. Ndoo kubwa huchukua muda kujaa, hivyo anayesubiri nyumbani hukaa na kiu. Ndoo ndogo hujaa upesi, lakini mchotaji asipokuwa mwepesi maji hukatika. Kompyuta nayo hujaza "ndoo" ya sauti, iitwayo bafa, kabla ya kuipeleka kwenye spika. Kwa kawaida sekunde moja ya sauti ina sampuli 44,100. Bafa ya sampuli 1,024 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 23. Ya 256 kwa takriban milisekunde 6. Bafa ikiwa ndogo kupita uwezo wa mashine, sauti hukatikakatika na kukwaruza.

3. Hatua za kufuata

(a) Chagueni programu inayolingana na mashine. Zipo zinazotumia sauti zilizorekodiwa, na nyingine kati ya hizo hudai nafasi kubwa kwenye diski na kumbukumbu. Kwa mashine yenye kumbukumbu ya GB 2, FluidSynth pamoja na faili dogo la sauti za piano ni mwanzo mzuri, nayo ni ya bure. Pianoteq, iliyotoka mwaka 2006, hukokotoa sauti badala ya kuirekodi. Haihitaji diski kubwa, lakini huhitaji prosesa yenye nguvu kiasi, na huuzwa. Msitumie nakala za wizi: amri ya saba inahusu programu pia.

(b) Kwenye Windows, wekeni ASIO4ALL, ambayo ni ya bure, ili sauti ipite njia fupi. Kwenye Linux, tumieni ALSA au JACK.

(c) Anzeni na bafa ya 512. Ipunguzeni hatua kwa hatua. Sauti ikianza kukwaruza, rudini hatua moja.

(d) Punguzeni idadi ya noti zinazolia kwa pamoja hadi 32 au 48, na zimeni mwangwi.

(e) Fungeni programu nyingine, zimeni mtandao usio na waya, na chomekeni kompyuta kwenye umeme.

(f) Tumieni spika za waya. Spika za Bluetooth huongeza ucheleweshaji.

4. Tahadhari

Huduma ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 7 ilitangulia mwaka 2020. Kompyuta ya aina hiyo ibaki ya mazoezi tu, bila intaneti na bila kumbukumbu za fedha za usharika. Au iwekewe Linux. Katika ibada, kinanda kitoe sauti yake chenyewe, kwa sababu mashine ya zamani inaweza kuzima katikati ya wimbo.

5. Kwa wanaopenda kuchangia

Kabla ya kutuma kompyuta nyingine, ulizeni usharika unapungukiwa nini. Mara nyingi kilichopungua ni kinanda cha pili cha mazoezi, hedifoni, au posho ya mwalimu. Programu haimfundishi mtu kuweka vidole. Bila mwalimu wa kufuatilia kila wiki, kompyuta itarudi kabatini.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, kinanda chetu kina tundu la USB au MIDI?
2. Nani atawafundisha vijana, na siku zipi?
3. Nani atatunza vifaa na ufunguo wa chumba?
4. Baada ya miezi sita, tutajuaje kwamba tumepata mpigaji wa pili?