SHANGA NDANI YA PINE: FIZIKI YA GURUDUMU LA KAMYO



Mara hii sisi wa mwaka wa sita tumechagua somo lililotoka barabarani, si katika kitabu. Lilianza wakati wa etide ya jioni. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alileta kipakiti kidogo, ndani yake shanga za kioo zisizo na tundu, ndogo sawa mtama. Baba yake ni shofere. Alizinunua njiani, wakamwambia: «Tia ndani ya pine, kamyo haitatetemeka tena.» Akatia, na kamyo ikatetemeka vilevile. Feza ile ilikuwa ya minervali ya mtoto.

Yule mdogo wetu akauliza: «Kama nguvu inasukuma kila kitu inje, juu ya nini shanga zisiende kukaa upande ulio mzito na kuongeza ubaya?» Sisi wakubwa tulicheka. Tulimwambia akae, asome masomo ya mwaka wake. Lakini nyuma, tulipojaribu kujibu kati yetu, hakuna hata mmoja aliyeweza. Basi tukaenda kuuliza mwalimu wa fiziki, kisha tukaenda garaji. Haya ndiyo tuliyojifunza.

A. UBAYA UNATOKA WAPI?

Hakuna pine iliyo sawasawa pande zote. Upande mmoja kaucho ni nene kidogo, upande mwingine ni nyembamba. Janti nayo ina tundu la valvu. Gurudumu likisimama, hatuoni kitu. Likizunguka, ule upande mzito unavuta inje. Nguvu hii mwalimu anaiita forsi santrifuji. Hesabu yake ni hii:

F = m × v × v : r

Tuseme pine ya kamyo ina uzito wa gramu 200 uliozidi upande mmoja, na toka katikati ya gurudumu mpaka pale ni nusu metre. Tunapata:

– kwa kilometre 40 kwa saa: niutoni 49, ni kama uzito wa kilo 5;
– kwa kilometre 60 kwa saa: niutoni 111, ni kama kilo 11;
– kwa kilometre 80 kwa saa: niutoni 198, ni kama kilo 20.

Angalia vizuri: mwendo umekuwa mara mbili, toka 40 mpaka 80, lakini nguvu imekuwa mara ine. Ni juu ya ile v iliyoandikwa mara mbili. Kwa kilometre 80 gurudumu linazunguka mara 7 kwa sekunde moja. Maana yake, kila sekunde kilo 20 zinapiga mara 7 juu na mara 7 chini. Usukani unatetemeka, mikono ya shofere inachoka, pine inakulika kwa mabaka mabaka, rulma na amortisere zinakufa mbele ya wakati wao.

B. DAWA YA ZAMANI

Katika garaji wanafanya ekilibraje. Gurudumu linafungwa juu ya mashini, linazungushwa, mashini inaonyesha upande mwepesi, na mekanisiye anapigilia kipande cha risasi au cha chuma kwenye ukingo wa janti. Ni dawa nzuri. Lakini kile kipande hakisogei. Pine ikikulika vibaya, uzito unahama na kipande kinabaki palepale. Kinaweza pia kuanguka njiani.

Unaweza kuona jambo hili kwa kinga, ndiyo baiskeli. Igeuze, magurudumu yaangalie juu. Funga kinati kwenye gurudumu la mbele, uliachilie: kinati kitashuka mpaka chini kila mara. Sasa lizungushe kwa nguvu: kinga nzima inarukaruka. Funga kinati kingine cha uzito uleule upande wa pili, kinga inatulia.

C. SHANGA ZINAFANYA NINI?

Katika Marekani mashofere wengi wa kamyo kubwa wanatumia shanga za kioo, za udongo wa kuchomwa au za chuma. Kwa pine kubwa wanatia mara nyingi karibu gramu 300, kwa kufuata ukubwa wa pine. Wanazitia wakati wa kufunga pine, ao wanazipitisha kwenye valvu. Hazigandi mahali. Kamyo ikisimama, zote zinaanguka chini. Ikikimbia, zinajitandaza ndani ya pine na kutafuta mahali pao.

Sasa tunafika kwa ulizo la mdogo wetu. Fanya jaribio hili. Funga jiwe kwa kamba, ulishike likining'inia. Peleka mkono kuume na kushoto polepole: jiwe linafuata mkono. Sasa peleka mkono mbio mbio: mkono ukienda kuume, jiwe linakwenda kushoto. Mwendo ule wa katikati, pale jiwe linaporuka sana kupita yote, ndio mwendo wake lenyewe.

Ekseli ya kamyo iko sawa lile jiwe, juu imeshikwa na resore na chini pine yenyewe ni resore. Gurudumu likizunguka polepole, ekseli inafuata upande mzito. Likipita ule mwendo wa katikati, ekseli inakwenda kinyume cha upande mzito. Hapo gurudumu halizunguki tena juu ya katikati yake. Linazunguka juu ya nukta iliyosogea kidogo kwenye upande mzito. Basi upande mwepesi ndio uliobaki mbali zaidi na nukta ile. Na forsi santrifuji inapeleka shanga pale palipo mbali zaidi. Ndiyo sababu zinakusanyika upande mwepesi, na gurudumu linatulia. Mashini nyingi za kufulia nguo zinatumia kanuni hii: zina pete yenye maji ao mipira ya chuma ndani.

D. JUU YA NINI WENGINE WANAKATAA?

Hapa tunaona kwamba ulizo la mdogo wetu halikuwa la kitoto. Chini ya ule mwendo wa katikati, shanga zinakwenda kweli upande mzito, kama alivyosema. Na gurudumu la kamyo halizunguki mbio sana: mara 7 tu kwa sekunde. Kama ekseli na resore zake zina mwendo wao wa katikati ulio juu ya hapo, shanga hazitafanya kazi tuliyoeleza. Kwa hiyo mashofere wengine wanasifu, na wataalamu wengine wanatia mashaka. Hata viwanda vya pine havipatani: kingine kinakubali, kingine hapana.

E. MAKOSA YA KUEPUKA

1. Shanga ni za pine isiyo na mpira wa ndani, kama zile zilizoandikwa 315/80 R 22,5, tunazoziona chini ya kamyo zinazotoka Kasumbalesa kwenda Lubumbashi. Pine nyingi za kamyo za zamani, kama 12.00-20, zina mpira wa ndani. Shanga zikiwekwa kati ya mpira na pine, zinabanwa, haziwezi kutembea, na zinaweza kusugua mpira. Kamyo ya yule mzazi ilikuwa ya namna hii. Feza yake ilipotea bure.
2. Ndani ya pine pawe pakavu. Maji yakiingia pamoja na upepo wa kompresere, shanga zinashikamana.
3. Valvu iwe na kichujio, ama sivyo shanga zinaingia ndani yake na upepo unatoka.
4. Katika barabara ya mashimo shanga zinarushwarushwa kila mara. Kazi yake ni katika lami, kwa mwendo ulio sawa.
5. Shanga haziponyi janti iliyopinda, rulma iliyokufa wala pine iliyovimba. Kamyo ikitetemeka, kwanza tafuta ugonjwa, kisha ununue dawa.

F. MAULIZO

1. Hesabu F kwa gramu 150, kilometre 70 kwa saa, r = 0,5 m.
2. Juu ya nini mashini ya ekilibraje, ambayo ekseli yake haisogei, haiwezi kupima kazi ya shanga?
3. Mfanye jaribio la jiwe na kamba, mwandike mliyoyaona.

Kisha neno moja la mwisho. Sisi tumepewa kazi ya kusimamia etide, na tulifikiri kusimamia ni kunyamazisha. Kumbe tulinyamazisha ulizo lililo bora kupita yote ya mwaka huu. Mdogo wetu, tulikuchekea mbele ya watu, basi tunakuomba msamaha mbele ya watu. Na baba yako ajue kwamba hakudanganywa kwa ujinga wake: sisi wenye kusoma fiziki miaka mingi hatukujua zaidi yake. Jumamosi, nyuma ya kazi za mikono, kinga na vinati vitakuwa mbele ya darasa letu. Wewe ndiwe utakayeonyesha wengine.